FLETI NI YAKO, ARDHI NI YA KUKODI: HESABU MIAKA ILIYOBAKI



Toleo hili twalitumia kwa jambo ambalo halimo katika mapatano yetu na mwajiri, wala halihusu nyongeza ya mshahara, lakini laweza kumnyang'anya mfanyakazi matunda ya mshahara wa miaka thelathini. Jambo lenyewe ni lisi. Hatusemi lisi ya kiwanda wala ya mashamba ya matajiri. Twasema lisi ya ardhi iliyo chini ya zile fleti ambazo wengi wetu tumezinunua, au tunazinunua sasa hivi kwa mkopo wa chama cha akiba.

Mwanachama akinunua fleti hupewa karatasi yenye muhuri. Hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Jirani huitwa, mchungaji huja kuomba, chai huandaliwa, halafu karatasi ile hufungiwa katika sanduku la bati pamoja na vyeti vya watoto. Ni wachache sana waliokwisha kuisoma kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nasi twauliza leo swali moja tu: hati yako imesema miaka mingapi, na ilianza kuhesabiwa siku gani?

Sisi watu wa reli tungalipaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Baba zetu waliishi katika nyumba za kazi, zile tulizoziita landi, na jina hilo lingali linasikika Nairobi katika Landimawe. Nyumba ya landi ilikwenda pamoja na kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi kwa msimamizi, nawe unapakia kitanda na masufuria kwenye behewa kurudi nyumbani. Mwaka 2006 nyumba nyingi za reli, Muthurwa na Makongeni zikiwamo, ziliwekwa chini ya mfuko wa malipo ya uzeeni, na wapangaji wa Muthurwa walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2010 kupinga kufukuzwa. Hukumu ilitoka mwaka 2013. Wengi waliotazama mambo hayo walisema: Mimi sitakaa tena katika nyumba ya mtu, nitanunua yangu. Wakanunua fleti. Walifanya vema. Lakini wengine wametoka katika nyumba ya mwajiri wakaingia katika nyumba ya saa inayokwenda, na hawaisikii inavyogonga.

Na tueleze basi. Katika Kenya mtu aweza kuwa na ardhi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kumiliki moja kwa moja, bila mwisho. Ya pili ni lisi, yaani kukodi ardhi kutoka kwa Serikali au kaunti kwa miaka iliyotajwa, na kulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Ploti nyingi za mijini ni za namna hii ya pili. Lisi ikiisha, ardhi hurudi kwa mwenyewe, na jengo lililosimama juu yake halina miguu ya kuondoka. Huo ndio msingi wa lisi, na haukuanza jana.

Ulianza na sheria za wakoloni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilitoa lisi za miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba miaka hiyo ni michache, na sheria ya mwaka 1915 ikawapa miaka 999 kwa mashamba yao, huku ploti za mijini zikibaki na 99. Kwa hiyo ndugu zetu wasidhani kwamba 99 ni namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Iliwekwa na watu, na wengine waliikataa wakapewa mara kumi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, ndiyo iliyosema kwamba asiye raia hawezi kuwa na ardhi hapa ila kwa lisi, wala lisi yake isizidi miaka 99.

Waliosoma shule za misheni pamoja nasi watakumbuka Mambo ya Walawi, sura ya 25. Huko ardhi haikuuzwa kwa milele. Ilirudi mwaka wa hamsini, na mnunuzi alitakiwa kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya mwaka ule: ikiwa mingi bei iwe kubwa, ikiwa michache bei ipungue. Waisraeli walijua kwamba anunuaye ardhi ya muda hununua mavuno, hanunui udongo. Twawauliza mawakala wa nyumba wa siku hizi, wale wenye vikaratasi vya rangi: mbona ninyi mwatangaza jiko la kisasa na lifti na maji ya kisima, na idadi ya miaka hamwitaji?

Hesabu si ngumu. Chukua lisi ya miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Januari 1970. Itakwisha tarehe 31 Desemba 2068. Mtu aliyenunua fleti juu ya ploti hiyo mwanzoni mwa 2020 hakununua miaka 99, hata kama hati imeiandika. Alinunua 49. Ikiwa amekopa kwa miaka 15, siku atakapomaliza deni zitabaki 34. Mtoto wake aliyekuwa na umri wa miaka mitano siku ya kuhamia atakuwa na miaka 54 lisi itakapokwisha, umri wa mtu anayekaribia kustaafu, asiyeweza tena kuanza upya.

Sasa chukua lisi fupi, maana zipo. Lisi ya miaka 50 iliyoanza tarehe 1 Januari 1985 itakwisha tarehe 31 Desemba 2034. Aliyenunua mwanzoni mwa 2020 kwa mkopo wa miaka 15 atalipa shilingi ya mwisho katika mwezi uleule ambao lisi inamalizika. Mtu huyo, kwa kweli, amelipa kodi ya nyumba miaka 15 kwa bei ya kununua. Hakuna mwizi aliyevunja dirisha, na kila karatasi ina muhuri halali.

Hapo ndipo mwanachama atasema: Lakini lisi huongezwa, kila mtu ajua. Ni kweli, huongezwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 13, yasema kwamba lisi ikiisha na ardhi ikarudi kwa Serikali ya taifa au ya kaunti, aliyekuwa nayo apewe nafasi ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini soma masharti yake. La kwanza, awe raia wa Kenya. La pili, ardhi iwe haitakiwi kwa kazi ya umma. Maana yake sheria imekupa nafasi ya mbele katika foleni. Haijakuahidi kwamba dirisha litafunguliwa. Tena nafasi hiyo humfaa anayejitokeza. Anayelala nyumbani akingoja kuitwa hatajua foleni imeanza lini.

Kanuni za kuongeza lisi zilizotolewa mwaka 2017 zaiagiza Tume ya Kitaifa ya Ardhi imjulishe mwenye lisi katika miaka mitano kabla ya lisi kuisha. Ni kanuni njema. Zatenganisha pia kuongeza na kufanya upya: anayeomba kabla lisi haijaisha anaomba kuongezewa, anayeomba baada ya kuisha anaomba kupewa upya kitu ambacho si chake tena. Watu wengi huzichanganya njia hizi mbili, lakini kati yake pana tofauti kama ile ya abiria aliye ndani ya behewa na abiria aliye kwenye jukwaa huku taa nyekundu ya nyuma ikipotea.

Jambo ambalo hasa limetufanya tuandike ni hili: hiyo taarifa hupelekwa kwa nani? Hupelekwa kwa mwenye lisi aliyeandikwa katika daftari. Na katika fleti, mara nyingi mwenye lisi aliyeandikwa si wewe.

Tafadhali ndugu msomaji, soma hapa polepole. Kwa miaka mingi fleti ziliuzwa hivi: mjenzi alikuwa na lisi kubwa kutoka kwa Serikali, nayo ilikuwa ya ploti nzima. Alipojenga ghorofa zake, akakata vipande kutoka katika lisi ile, na kila mnunuzi akapewa lisi ndogo ya fleti yake, yenye siku chache pungufu ya lisi kubwa. Halafu ikaundwa kampuni ya kusimamia ngazi, ua, taa za nje na mlinzi, na kila mnunuzi akapewa hisa moja ndani yake. Katika maskani nyingine lisi kubwa ilihamishiwa kampuni hiyo, katika nyingine haikuhamishwa, ikabaki kwa jina la mjenzi. Basi lisi yako ndogo ni tawi, na lisi kubwa ni shina. Shina likikauka mwaka 2034, tawi halitachanua mwaka 2035, hata kama wewe umelipa kila senti na kupaka rangi kila Krismasi. Wala huwezi kwenda peke yako na kuomba udongo ulio chini ya mlango wako uongezewe miaka, maana udongo huo ni wa wote walio juu yako, chini yako na kando yako.

Na mjenzi yuko wapi? Wengine wamekufa. Kampuni nyingine zimefutwa katika daftari la makampuni, au anwani yao ni sanduku la posta ambalo halijafunguliwa tangu enzi ya simu za kuzungusha. Barua ya Tume itakwenda kwenye sanduku hilo. Italala humo. Na familia arobaini zitakuwa zinapika chakula cha jioni, hazina habari.

Mwenzetu mmoja, fundi wa karakana, alistaafu akataka kuuza fleti yake apate fedha za kujenga nyumbani na kununua ng'ombe wawili wa maziwa. Alipata mnunuzi kwa muda mfupi, kijana mwenye kazi nzuri. Kijana akaenda benki. Benki ikatazama daftari, ikahesabu miaka, ikakataa kukopesha. Akaja mnunuzi wa pili, yakawa yaleyale. Mwisho akatokea mtu mwenye fedha taslimu, naye alitoa bei ambayo mwenzetu aliona aibu kumwambia mkewe. Hatutaji maskani wala mjenzi, na fundi mwenyewe ametuomba tusimtaje jina. Lakini angalieni: lisi yake ilikuwa haijaisha. Ilikuwa na miaka bado. Watu hudhani hasara huja siku ya mwisho, kumbe huanza mapema, siku ile benki inaposema miaka haitoshi. Fleti yenye miaka michache ni mzigo usio na mpokeaji.

Waliozoea ofisi za ardhi watatuambia tena kwamba hata anayeomba mapema huchelewa. Twakubali. Kuongeza lisi kwahitaji hati yenyewe, sachi ya daftari la msajili, cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi, cheti cha kutodaiwa reti za kaunti, maoni ya watu wa mipango ya miji na wapima ardhi, kisha mthamini wa Serikali akadirie ada na kodi mpya. Tena kulikuwa na mvutano kati ya Tume na Wizara juu ya nani mwenye kalamu ya kutia sahihi. Ulifika Mahakama ya Juu, nayo ikatoa maoni yake Desemba 2015 kwamba kutoa hati ni kazi ya Wizara. Wakubwa walipokuwa wakivutana, majalada ya watu yalikaa mezani. Twajua sisi mambo ya njia moja na treni mbili: mmoja akikataa kurudi nyuma, abiria ndio wanaolala njiani.

Na kuchelewa huko kwaweza kuleta hatari. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti moja ya Nairobi ambayo lisi yake ilikwisha mapema miaka ya 2000. Waliokuwa nayo walikuwa wameomba waongezewe. Kabla ya kupata jawabu la maana, ploti ikagawiwa wengine, na hao wengine wakaiuza. Mahakama ilisema kwamba wale wa kwanza walikuwa na haki ya kutazamia kufikiriwa, na kwamba mnunuzi hakingwi na hati iliyotoka katika shina bovu. Haki ilipatikana, nasi twaifurahia. Lakini ilipatikana baada ya miaka zaidi ya 20 tangu lisi kuisha, na kwa kupanda ngazi ya mahakama mpaka juu kabisa. Ni mfanyakazi gani wa reli, au wa bandari, au mwalimu wa shule ya msingi, mwenye fedha za mawakili wa kumfikisha huko?

Tusiwe watu wa kulia tu. Ipo sheria iliyoleta nafuu, nayo ni Sheria ya Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987. Chini yake kila fleti yaweza kupata hati yake yenyewe, iliyochorwa kwenye ramani ya jengo, pamoja na fungu lake katika ua na ngazi. Hati kubwa ya mjenzi hufungwa. Na wenye fleti wote huwa shirika moja kisheria, lenye mdomo wa kusema kwa niaba ya jengo zima. Sheria hiyo iliagiza lisi ndogo za zamani zibadilishwe katika miaka miwili, na miaka hiyo miwili ilikwisha Desemba 2022. Twawajua wanachama wengi ambao hati zao zingali zile za zamani. Wengine wametuambia wanamngoja mjenzi. Msimngoje! Sheria imeruhusu kampuni ya usimamizi, au hata mwenye fleti mmoja, kuanzisha jambo hilo. Na mjenzi akikataa kutoa hati kubwa, msajili aweza kuiwekea kizuizi isiuzwe wala kuchezewa.

Lakini tuonye mambo mawili. Kwanza, hati mpya haiongezi hata siku moja. Ikiwa shina lilibakiwa na miaka 30, hati yako mpya yenye karatasi nzuri ina miaka 30. Tumesikia watu wakijisifu kwamba sasa wana hati ya milele kwa sababu ina ramani, hawajaisoma. Pili, sheria hiyo haikubali ramani ya namna hii kuandikishwa juu ya lisi iliyobakiwa na chini ya miaka 21. Kwa hiyo ploti ile ya mfano wetu, inayokwisha 2034, imekwisha kupitwa na mlango huu. Yapasa kwanza iongezewe lisi, kwa mkono wa yuleyule aliyeandikwa katika daftari. Ndiyo sababu twasema jambo hili lina saa yake, na saa hiyo haifuati kalenda ya mikutano yetu.

Liko jambo lingine dogo ambalo wakili mmoja alitudokezea, na tumeona tuliandike. Nafasi ya kwanza ni ya raia. Na Katiba yasema kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu yote inamilikiwa na raia. Je, ikiwa lisi kubwa iko kwa kampuni ya usimamizi, na fleti moja kati ya arobaini imenunuliwa na mgeni mwenye hisa yake moja? Hatumchukii mgeni, huenda ni jirani mwema. Lakini swali hilo liulizwe kwa wakili mapema, lisije likazuka mezani siku ya mwisho.

Labda mtu atauliza: kwani kwingine wafanyaje? Lisi ya fleti tuliirithi kwa Waingereza, basi na tuwatazame wao. Huko mwenye fleti alionewa sana na wenye ardhi, mpaka sheria ya mwaka 1993 ikampa haki ya kudai aongezewe miaka 90 juu ya iliyobaki, kwa bei inayokadiriwa kwa kanuni, na mwenye ardhi hawezi kumkatalia hivi hivi. Chini ya sheria hiyo walijifunza kuhesabu mapema, maana lisi ikishuka chini ya miaka 80 bei ya kuongeza hupanda. Mwaka 2024 Bunge lao lilipitisha sheria nyingine iliyoandika miaka 990, ingawa sehemu zake hazikuanza kutumika zote mara moja. Hatusemi kila cha Uingereza ni chema. Sheria iliyotuacha na 99 ilitoka kwao pia. Twasema hivi: waliotuachia mzigo wamekwisha kuutua kidogo kutoka mabegani mwa watu wao, na sisi tungali tunaubeba kama tulivyopewa.

Kwa hiyo chama chetu kitayapeleka mambo matatu mbele ya Bunge, Wizara na Tume. Taarifa ya kuisha kwa lisi isipelekwe kwa mwenye hati kubwa peke yake, ipelekwe kwa kila fleti, na kubandikwa langoni. Raia anayekaa katika nyumba yake ya pekee awe na haki ya kuongezewa lisi, si nafasi ya foleni tu, na ada ijulikane kabla kwa kanuni iliyochapishwa, siyo kwa mashauri ya chumba cha nyuma. Na ombi lililopelekwa kabla ya lisi kuisha lilinde ploti isigawiwe mtu mwingine mpaka lijibiwe kwa maandishi. Hili la tatu ndilo kubwa kwetu. Mengine yakikawia, hili lisikawie.

Kwa upande wa vyama vyetu vya akiba, neno letu ni kali kidogo, watuwie radhi. Mkopo wa fleti usitolewe mpaka fomu imeandikwa tarehe ya mwisho ya lisi kubwa, si ya lisi ndogo, na mwanachama ametia sahihi kwamba ameiona. Kamati za mikopo huuliza hati ya mshahara, wadhamini watatu, hata barua ya mkuu wa idara. Basi ziulize na hili moja. Fedha zinazokopeshwa ni za wanachama, na dhamana inayokauka mwaka baada ya mwaka si dhamana.

Na wewe mwenye fleti, usisubiri chama. Toa karatasi katika sanduku. Tafuta namba ya ploti, siku lisi ilipoanza, na miaka iliyotolewa. Ikiwa una lisi ndogo, fanya sachi ya ile kubwa. Kwa Nairobi mambo mengi sasa hupitia Ardhisasa, mtandao wa Wizara ulioanzishwa mwaka 2021, na kijana yeyote nyumbani aweza kukusaidia. Tazama jina la aliyeandikwa. Tazama kama kodi ya ardhi imelipwa, maana mara nyingi wenye fleti hulipa fedha za usimamizi kila mwezi wakidhani kodi imo, kumbe deni la ploti limelimbikizwa miaka kumi, na bila cheti cha kutodaiwa hakuna ombi litakalosogea. Kisha iteni mkutano wa jengo lenu. Mtakuta wengine hawataki kuchanga. Mtakuta mmoja anayesema yeye amezeeka, lisi itamkuta kaburini. Mwulizeni fleti atamwachia nani.

Tumeandaa karatasi ya kujaza, imeambatishwa nyuma ya toleo hili. Ina mistari mitano tu: maskani, namba ya ploti, mwaka lisi ilipoanza, miaka iliyotolewa, na jina la aliyeandikwa katika daftari. Jina lako si lazima. Karatasi zirudishwe kwa makatibu wa matawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao, ili tuwaweke pamoja wale wa ploti moja na wakili wa chama azungumze nao kwa kundi. Asiyekuwa na hati karibu, kwa kuwa iko benki au kwa mjenzi, aandike namba ya ploti peke yake, nasi tutamtafutia iliyobaki.